Fundo la Mgongoni

Mamake Baridi hakupiga kelele. Angepiga kelele, Fundi angejua la kufanya, maana nusu ya wateja wake walikuwa wapiga kelele, na alishajifunza kuwasikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Mwanamke huyu alikaa tu kwenye kochi, mikono imelala mapajani, akamtazama Fundi, binti aliyeletwa kuwa mkwe wake, kama mtu anavyotazama mvua isiyo na haraka ya kukatika.

"Huyu ndiye uliyeniletea?" alimuuliza mwanawe.

"Ndiye, Mama."

"Katika mabinti wote wa Mungu."

"Ndiye, Mama," alirudia Baridi, na sauti yake haikutetereka. Jina hilo la Baridi alilipata kwa kazi yake ya kutengeneza mafriji, lakini siku hiyo jasho lilikuwa linamchuruzika hadi kwenye kola.

Mama aliinua kidole akakielekeza ukutani. "Wewe binti. Unalijua lile?"

Fundi alilijua. Hakuna mtu mtaani asiyelijua. Lilikuwa jaketi la kujiokolea, la rangi ya chungwa iliyopauka, limetundikwa kwenye msumari kando ya picha ya marehemu mumewe. Kifua chake kilitazama watu, mgongo ukautazama ukuta. Wageni waliketi chini yake wakanywa chai bila kuliulizia.

"Nalijua, Mama."

"Lilikuwa la nani?"

"La Mzee."

"Na siku ile nani alirudi amelivaa?"

"Baba yangu."

"Haya," alisema Mama, kana kwamba kesi imekwisha.

Na kweli kwa watu wengi ilikwisha zamani. Wanaume wawili, marafiki wa chanda na pete, walikwenda ziwani kuvua kama walivyozoea kila mwaka. Mmoja, Mzee, alikuwa mfunga mizigo ya watu wanaohama nyumba, hodari wa kamba kuliko wote mjini. Mwingine alikuwa fundi seremala, baba yake Fundi. Upepo ukapindua mtumbwi. Jaketi lilikuwa moja, la Mzee, na kwenye kola limeandikwa jina lake. Aliyerudi ni seremala. Waliomwokoa walimkata mkanda kwa kisu ili kumvua, wakampelekea mjane jaketi lake ndani ya gunia. Mwili wa Mzee haukuonekana.

Tangu hapo seremala akaitwa Mzee Kimya, kwa kuwa kuhusu jambo hilo alitoa neno moja tu: "Nilivishwa." Watu waliangua kicheko. Mtu mzima mwenye ndevu avishwe kama mtoto wa chekechea! Hakulirudia tena. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha seremala huyu kilikaa tu, hakikutoa mshindo wowote, na Fundi mwenyewe, Mungu amsamehe, alikua akiamini nusunusu kwamba baba yake alinyang'anya.

"Sitawazuia," alisema Mama. "Nikikuzuia, Baridi, utanichukia, nami sina mtoto mwingine wa kiume wa kunizika. Ila nina sharti. Kila mwaka unakwenda peke yako kule alikopiga hema baba yako. Mwaka huu nenda naye. Akalale pale. Avue pale. Na akiwa majini avae lile."

"Mama!"

"Mkirudi wawili, nitakula wali wa harusi yenu na nitapiga vigelegele. Akirudi mmoja," alisema akiwa amemkazia macho Fundi, "basi tutakuwa tumejua damu ni damu."

Baridi alisimama. Alitaka kusema neno kubwa, la kufunga mlango. Fundi alimgusa mkono.

"Nitakwenda," alisema. Akajaribu kutabasamu. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Mama."

Mama hakutabasamu. "Litungue mwenyewe," alisema. "Mimi siligusi."

* * *

Ziwa liliwapokea kwa ukungu. Lilikuwa ziwa la milimani, jeusi na kimya, limezungukwa na misonobari inayodondosha maji hata mvua ikipumzika, na kwa kweli mvua haikupumzika mara nyingi. Walipiga kafi tangu asubuhi, Baridi nyuma, Fundi mbele. Kila alipogeuka alimkuta anamtazama.

"Unaangalia nini? Angalia unakokwenda."

"Ninakokwenda kumekaa mbele yangu."

"Maneno hayo ndiyo unayowaambia wenye mafriji?"

"Wale nawaambia gesi imekwisha."

Fundi alicheka, na kicheko chake kilikwenda mbali juu ya maji kisha kikarudi kutoka upande mwingine, chembamba. Hakupenda kilivyorudi. Mabegani alivaa jaketi la marehemu, lina harufu ya ukuta na vumbi, na kwa kuwa zipu ilikuwa imekufa na mkanda umekatwa, alilishikiza kwa pini mbili za kazini kwake.

Kambi ilikuwa kwenye ufuko mdogo wa mawe ng'ambo ya ziwa. Mahema yalikuwa mawili, la kijani la Baridi na la bluu la Fundi, yameachana hatua za kutosha kumridhisha shangazi yeyote mwenye macho makali. Walivua hadi vidole vikafa ganzi. Samaki walikuwa wadogo, wa baridi, na walipotolewa majini hawakuhangaika. Walikubali tu, jambo ambalo Fundi aliliona baya. Moto uligoma kuwaka. Kuni zilitoa moshi na machozi, Baridi akapuliza mpaka akawa na uso wa mpishi wa shule.

"Hapa ndipo walipokuwa wanalala?" Fundi aliuliza.

"Hapa hapa. Nilipokuwa mdogo walinileta mara moja. Baba yako alinichongea samaki wa mti." Alikoroga chai. "Nilimpenda sana baba yako, unajua? Ndiyo maana iliniuma."

"Na sasa?"

"Sasa nakupenda wewe. Yale mengine nimeyafungia kwenye friji."

Alisema kwa utani, lakini Fundi aliona taya lake lilivyokaza, akajua friji hilo halijafungwa vizuri.

Mvua ilizidi mchana wa pili, wakakimbilia chini ya turubai waliloliwamba kati ya mahema. Turubai lilikuwa kazi ya Fundi mwenyewe. Huko mjini alishona maturubai ya malori, viti vya magari na mahema ya sherehe, na mikono yake haikujua kukaa bure. Akalivuta jaketi mapajani ili auone mkanda, kama unaweza kushonwa ukafaa.

Alianza na sponji. Aliliminya, na halikurudi. Aliingiza kidole kwenye tundu la mshono, likatoka vumbi la manjano, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Aliinuka akaenda ukingoni, akaliweka jaketi juu ya maji pale pasipo na kina. Likakaa. Likaanza kuinama. Kisha likazama polepole mpaka kwenye mawe.

"Baridi."

Alikuja. Wote wawili walilitazama likiwa chini ya maji, rangi ya chungwa imekuwa ya kahawia.

"Mimi nimekuja huku nimevaa kitu hicho," alisema Fundi.

"Mama hajui mambo ya sponji."

"Sijasema anajua."

"Lakini umefikiri."

"Na wewe umefikiri. Ndiyo maana umejibu kabla sijauliza."

Baridi alilitoa majini, akalikamua kwa hasira, na maji yakatoka mengi. Alilitandaza juu ya jiwe, mgongo ukawa juu. Hapo ndipo Fundi alipouona mgongo wake kwa mara ya kwanza, kwa sababu tangu alitungue msumarini alilikunja na kulivaa haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Mkanda ulizunguka kutoka mbele ukaja mpaka nyuma, na katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega, ncha zake mbili zilifungwa fundo. Kisu cha waokoaji kilikata ubavuni. Fundo halikuguswa. Lilikuwa limekauka pale kwa miaka yote, dogo, gumu, na ncha zimepenyezwa ndani mara mbili.

"Fundo gani hili?" Fundi aliuliza. Alikuwa ameshona na kufunga vitu tangu utotoni, na hili hakulifahamu.

Baridi alilishika. Kidole gumba chake kililipapasa, kikafuata ncha ya kwanza, kikafuata ya pili.

"La baba," alisema.

"Una hakika?"

"Alikuwa nalo yeye tu. Alifungia makabati na vitanda vya watu juu ya malori. Likilowa linazidi kukaza. Kulifunga alinifundisha. Kulifungua alisema nitajifunza nikioa, kwamba hiyo ni siri ya mume na mke." Alijaribu kucheka, haikuwezekana. "Alikuwa anamfungia Mama mifuko ya sokoni kwa fundo hili, halafu anamkodolea macho aone atachukua muda gani."

"Baba yangu alilijua?"

"Baba yako alikuwa hawezi hata kufunga kamba za viatu vizuri. Kila mtu alimcheka."

Mvua ilipiga turubai. Fundi alipeleka mikono yake nyuma ya mgongo wake mwenyewe, akajaribu kukutanisha vidole pale ambapo fundo lilikaa. Vilikutana kwa shida. Kufunga hata fundo la kawaida visingeweza.

"Nilivishwa," alisema, na sauti yake ikakatika. "Baba alisema alivishwa, na mimi binti yake nikaona haya kwa ajili yake. Baridi, alisema ukweli!"

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, maana yalikuwa na furaha ndani yake. Alitegemea kukumbatiwa. Alipoinua uso alimkuta Baridi amesimama mbali, mgongo kwake, akilitazama ziwa.

"Hufurahi?"

"Nifurahie nini?"

"Kwamba hakuna aliyenyang'anya! Kwamba nyumba zetu hazidaiani damu!"

"Unajua unaniambia nini, Fundi?" Aligeuka, na macho yalikuwa mekundu. "Unaniambia baba yangu alikuwa na jaketi. Lilikuwa lake, lina jina lake. Nyumbani kuna mke na watoto wanne, mdogo hajaota meno. Akalivua, akamvisha rafiki yake, akalifunga kwa fundo ambalo mtu hawezi kulifungua hata akitaka kumrudishia. Unaniambia alituacha kwa hiari yake."

"Alimwokoa mtu."

"Bora angenyang'anywa!"

Sauti ilivuka ziwa ikarudi. *Angenyang'anywa.* Fundi aliogopa, na hakujua kama anaogopa ziwa au anamwogopa mchumba wake.

"Basi mimi nina uhai wa baba yangu kwa hasara yako," alisema taratibu. "Ndivyo utakavyoniona kila asubuhi nikikuletea chai?"

"Sijasema hivyo."

"Lakini umefikiri."

* * *

Asubuhi ilipofika walikuwa hawasemezani. Fundi alikunja hema lake la bluu likiwa bado linatiririka maji.

"Leo hatuvuki," alisema Baridi. "Angalia kule." Mlima wa ng'ambo ulikuwa umemezwa na wingu. "Baba alikuwa na msemo. Ukiona mlima umejifunika shuka, na wewe jifunike."

"Baba yako na misemo yake! Mimi wangu yuko hai, anakaa kwenye karakana amejiinamia, na kila anayepita anamuona mwizi. Sitaki alale hivyo hata siku moja zaidi. Kama unaogopa kumkabili mama yako, sema."

Hapo alimchoma penyewe. Mwanamume akiambiwa anamwogopa mama yake, akili humhama. Baridi alitupa mizigo ndani ya mtumbwi bila neno, jaketi la marehemu likatupwa juu ya mizigo, wakasukuma.

"Vaa langu," alisema akimpa jaketi lake jipya.

"Na wewe?"

"Mimi najua kuogelea."

"Hata Mzee alijua kuogelea. Sivai."

Likabaki katikati yao, hakuna aliyelivaa. Mapenzi yakikasirika huwa ya kijinga namna hiyo.

Upepo ulisubiri wafike katikati. Ulianza kwa kukunja maji kidogo, kisha mawimbi mafupi yakaanza kupiga ubavu, na kila moja likaacha kikombe cha maji ndani. Fundi aliacha kafi akachukua sufuria ya chai, akawa anachota na kumwaga, anachota na kumwaga. Maji yalikuwa baridi hadi mifupani. Ukungu ulifunga. Nyuma hapakuonekana, mbele hapakuonekana.

"Fundi! Usisimame!"

"Yanaingia kuliko ninavyotoa!"

Alisikia mtumbwi ukitikisika, naye akiwa amejiinamia na sufuria. Kisha kitu kikamkaba kifuani kutoka nyuma. Baridi alikuwa amepiga magoti nyuma yake na kumvisha jaketi jipya. Lilikuwa pana kwake, la saizi ya mwanamume, lingemtoka kichwani akitumbukia. Baridi alichukua kamba ya hema, akaizungusha kifuani kwa Fundi mara mbili.

"Hapana! Baridi, hapana!"

"Tulia."

"Usinifunge! Lako hilo! Nifungue!"

Alijipinda, alimpiga kwa kiwiko, alimkwaruza. Alisikia vidole vyake mgongoni, vya haraka, visivyotetemeka, vikipenyeza ncha mara ya kwanza, vikipenyeza mara ya pili, vikivuta. Na wakati huohuo, katikati ya hofu ile, alimuona baba yake. Alimuona akipigana hivihivi, akilia hivihivi, *nifungue*, na mikono yake mizembe ya kamba ikitafuta mgongoni kitu isichoweza kukifikia. Mwizi gani huyo? Alikuwa mfungwa.

"Sasa nimemwelewa," Baridi alimwambia sikioni. Alikuwa akilia. "Hakutuacha. Hakupata muda wa kutufikiria. Mkono ulifanya tu. Fundi, nakupenda, unasikia?"

Wimbi lililofuata liliwapindua.

Maji yalimfunga mdomo, yakamfunga masikio. Kisha jaketi likamnyanyua, akatoka juu akikohoa. Mtumbwi ulikuwa umelala kifudifudi. Jaketi la marehemu lilikuwa linaelea kando yake kwa muda mfupi, kola juu, kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu likazama. Hakulijali. Alikuwa anatafuta kichwa cha mtu.

Alikiona upande wa pili wa mtumbwi. Baridi alikuwa ameng'ang'ania mbao kwa kucha, midomo ya kijivu.

"Niachie," alisema Fundi alipomkamata kola. Hapana, ni Baridi aliyesema hivyo. Baadaye walibishana sana nani alisema. "Niachie, utazama na mimi."

"Fumba mdomo."

"Fundi…"

"Fumba mdomo wako, Baridi! Umenifunga, basi na mimi nimekushika. Utanikata mkono kwanza."

Jaketi moja likabeba wawili. Halikuwabeba vizuri, liliwabeba hadi kidevuni, na mara nyingine hadi puani. Upepo ule uliowapindua ndio uliowasukuma, kwa muda ambao hakuna kati yao aliyeweza kuupima, hadi miguu yao ikagusa matope na matete yakawakwaruza nyuso. Walitambaa. Walilala juu ya ardhi wamekumbatiana wakitetemeka, na Baridi alimbusu paji la uso, mashavu, mikono iliyomkwaruza.

Baadaye dereva wa lori la mbao aliwakuta barabarani. Aliwapa gunia la kujifunika na kisu.

"Mkate hiyo kamba, dada. Itakuua."

Baridi alikuwa ameshajaribu kulifungua kwa vidole na kwa meno. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza.

"Asikate mtu," alisema Fundi, meno yakigongana. "Kuna anayejua kulifungua."

* * *

Mama alikuwa sebuleni, juu ya kochi lilelile. Ukutani palibaki msumari na alama ya jaketi, sehemu ambayo rangi haikupauka. Aliwaona wakiingia, matope hadi nyweleni, wawili. Hakupiga vigelegele.

Fundi alivuka chumba akiacha madimbwi sakafuni. Alisimama mbele yake, akageuka, akampa mgongo.

"Mama," alisema, "nifungue."

Fundi alisikia pumzi ya yule mwanamke, kisha vidole vikavu vikagusa kamba. Vilisimama. Vikagusa tena.

"Nani amekufunga?"

"Mwanao. Alikuwa na jaketi moja."

"Mama, baba yake Fundi hakunyang'anya," Baridi alianza, "yaani jaketi la baba, mgongoni, kuna…"

"Najua lililoko mgongoni."

Fundi alitaka kugeuka. Vidole vilimshika pale pale.

"Nililiona siku lilipoletwa," alisema Mama. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayesoma kitu kwenye giza. "Nililitoa kwenye gunia, nikaligeuza, nikaliona. Ningeachaje kulijua? Nikalitundika mgongo umeutazama ukuta."

"Miaka yote hii?" Baridi alinong'ona. "Ukawaacha watu wamtemee mate?"

"Mume akinyang'anywa, unamlilia. Watu wanakuja, wanalia na wewe. Mume aliyejitoa mwenyewe, akakuachia watoto wanne na sufuria tupu, utamfanya nini? Nimtukane marehemu? Nilikuwa na hasira nyingi, Baridi. Ilibidi niipeleke kwa mtu aliye hai."

Fundi alihisi baridi kali kuliko ya ziwani. Aliuliza lile lililokuwa limemkaa kooni tangu kule kwenye mawe.

"Ulijua kwamba halielei?"

Vidole viliacha kufanya kazi.

"Sikujua," alisema Mama. Kisha, baada ya muda: "Wala sikutaka kuuliza. Nilisema, liende huko, ziwa lilichukue. Na wewe ukiwa ndani yake… sikujiuliza. Sitakudanganya leo."

Nje mvua ilianza tena, juu ya bati. Vidole vilirudi kwenye fundo. Havikuvuta, vilisukuma, kamba moja kuelekea nyingine, kinyume na ambavyo mtu yeyote angedhani, na fundo lililowashinda watu wawili wenye nguvu likalegea. Kamba ikaanguka. Jaketi likafunguka, na Fundi akavuta pumzi nzima kwa mara ya kwanza tangu ziwani.

Aligeuka. Mama alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili, amezeeka ghafla.

"Mimi nampenda mwanao," alisema Fundi, "na nitaolewa naye, upige vigelegele usipige. Lakini sitaingia nyumba hii kama mkwe kabla hujakwenda kwetu. Kwa miguu yako. Umwambie baba hilo uliloniambia, mchana, watu wakiwepo."

Baridi hakumtetea mama yake. Alikuja akasimama kando ya Fundi, akamshika mkono, akasubiri.

Mama aliikunja kamba, taratibu, akaiweka juu ya kochi. Akachukua mtandio wake, akajifunika kichwa. Mlangoni alisimama, mkono kwenye kitasa, mvua ikimrukia miguuni.

"Shemeji," alisema, na neno hilo, alilozoea zamani kumwitia baba yake Fundi, lilimtoka kwa shida, kama mtu anayeita jina asilolitumia siku nyingi. "Shemeji bado hanywi chai yenye sukari?"

Fundi, aliyekuwa amejikaza tangu kwenye matete, alitikisa tu kichwa, hapana, hanywi, huku machozi yakimtiririka, akamfuata nje.